Tangi Jipya la Petroli: Shajara ya Mradi

Jumamosi. Doa la buluu

Doa la buluu limeonekana chini ya tumbo la ndege, nyuma kidogo ya ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha rubani. Avgas 100LL, petroli ya ndege ndogo, hutiwa rangi ya buluu makusudi. Ikivuja taratibu, petroli huruka na kuacha rangi peke yake, kwa hiyo ukiona buluu mahali pasipo na koki wala mdomo wa kujazia, ujue petroli imepita hapo. Ndani ya chumba harufu ilikuwa hafifu, ya kuja na kupotea, harufu ambayo mtu akishaizoea ndege yake huacha kuisikia.

Tangi ni sanduku la alumini la lita 60, sentimita 60 kwa 40 kwa 25. Limekaa kati ya dashibodi na ukuta huo, juu ya miguu ya rubani. Likijaa linabeba kilo 43 za petroli. Ndege tumeisimamisha siku hiyo hiyo, bila mjadala. Petroli inayodondoka juu ya miguu ya watu wawili, karibu na nyaya za dashibodi, haisubiri ukaguzi wa mwaka.

Tulipofungua paneli ya chini tulipata chanzo. Kuna kitako, yaani kile kipande kinene chenye hesi kilichochomelewa kwenye bati ili bomba la kutolea petroli lifungwe hapo. Ufa wa milimita 28 umekizunguka upande mmoja, ukifuata ukingo wa mshono. Tulipanguza, tukapaka chaki ya unga, na punde si punde mstari wa buluu ukajichora wenyewe.

Jumapili. Kulitoa

Tangi lenye petroli kidogo linatisha kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ndani ya hewa. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa. Lililomwagwa nusunusu lina kila kitu isipokuwa cheche. Tena mvuke huo ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Haupandi ukatokea dirishani, bali unashuka na kulala kwenye tumbo la ndege, huko huko fundi anakopiga magoti.

Kwa hiyo ndege tuliisukuma nje, tukatoa waya hasi wa betri, kisha tukaunganisha ndege, faneli na chombo cha kupokelea kwa waya wa shaba kabla ya kufungua koki. Vyote viwili, faneli na chombo, ni vya chuma. Petroli ikitiririka juu ya plastiki huzalisha umeme tuli ambao hauna pa kwenda. Drili na taa ya balbu vilibaki ndani ya karakana mpaka tangi lilipotoka na tumbo la ndege likapata hewa ya kutosha.

Kufungua dashibodi kulichukua muda mrefu kuliko tangi lenyewe. Kila waya umepewa lebo na kupigwa picha.

Wiki iliyofuata. Kwa nini lilipasuka

Mwenzangu, ambaye tunamiliki ndege hii pamoja, alikuwa na haraka ya kupeleka vipimo kwa fundi. "Kaka, tutengeneze jingine kama hili, tulirudishe," alisema. Nikamjibu kwamba tukirudisha kama hili litapasuka kama hili. Akakubali tusiguse bati jipya mpaka tujue la zamani lilipasuliwa na nini.

Tuliangalia kwanza bomba. Lilikuwa la alumini, gumu, limetoka kwenye kitako likaenda moja kwa moja hadi kwenye koki iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya sakafu. Tangi limefungwa kwa mikanda juu ya pedi, kwa hiyo linasogea kidogo. Fremu nayo inatetemeka kivyake. Kati ya hivyo viwili kuna bomba lisilopinda. Mtetemo wote uliishia kwenye kitako, na kitako kimechomelewa kwenye bati la milimita 1. Kipande kinene hakipindi. Bati jembamba ndilo linalopinda, na linapinda pale pale mshono unapokoma, mahali ambapo joto la kuchomelea lilishalilainisha.

Injini yetu ni Rotax 912 UL ya nguvu farasi 80. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, silinda zake 4 zinatoa milipuko 10,000 katika dakika hiyo, maana kila mzunguko una milipuko miwili. Saa moja angani ni milipuko 600,000. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake hakichoki hata ukikirudia daima. Alumini haina kiwango bayana cha namna hiyo. Mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi vya kutosha unaacha alama yake, na mamilioni hufika upesi kuliko mtu anavyodhani.

Jambo la pili ni hesi yenyewe. Hesi za mabomba za aina ya NPT zimechongwa kwa mteremko, 1 kwa 16, ili zikazane kadiri unavyozungusha spana. Maana yake kiungo kinaingia kwenye kitako kama kabari kwenye gogo. Aliyekuwa akisikia harufu ya petroli akakaza kidogo, na mwaka uliofuata akakaza tena, alikuwa anakipanua kitako kwa ndani. Alama za spana kwenye kiungo chetu zinaonyesha kimekazwa mara nyingi kabla ndege haijafika kwetu.

Kisha tukalipaka tangi rangi ya kupenya, ile nyekundu unayopaka, unasubiri, unapangusa, halafu unapuliza unga mweupe unaoinyonya kutoka kwenye nyufa. Zikajitokeza nyufa nyingine mbili fupi kwenye ribiti za kizuizi cha ndani, yaani bati linalozuia petroli isirukeruke, upande mpana wa sentimita 60 kwa 40. Bati hilo bapa lilikuwa likivimba na kurudi kila petroli iliporukaruka, na kizuizi kilikuwa kimoja tu kwa upana wote huo.

Chini ya mikanda kulikuwa na kitambaa kizito cha sufu. Kilikuwa na unyevu. Tulipokitoa, alumini chini yake ilikuwa na vishimo vya kutu nyeupe, kimoja kirefu kiasi cha kunasa ukucha. Kitambaa kinachonyonya maji kikibanwa dhidi ya alumini kinakula tangi hata kama ndege haijaruka mwaka mzima.

Tulilisuuza kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ikaisha, tukalijaza maji juu ya mizani ili kupata ujazo halisi, kisha tukalikata kwa mkasi wa bati. Hatukutumia msumeno wa umeme wala grainda. Ndani, kona ya nyuma ilikuwa na unga mweupe na mchanga laini. Ndege yetu ina gurudumu la mkiani, kwa hiyo ikiwa imeegeshwa kona hiyo ndiyo ya chini kabisa, na koki ya kumwagia maji ilikuwa mbele yake. Miaka yote hiyo sampuli iliyochukuliwa kabla ya kuruka ilitoka mahali ambapo maji hayakai.

Kuziba au kutengeneza upya

Watu wawili walitushauri tuzibe. Mmoja alisema tuchomelee juu ya ufa, mwingine tumimine ndani ile rangi ya kuziba inayozungushwa tangini mpaka ienee pande zote.

Kuchomelea juu ya mshono uliochoka kunaongeza eneo lililolainika, na ufa unaofuata hutokea milimita chache pembeni. Rangi ya kumimina siitaki hata kidogo. Aina nyingi za zamani hazivumilii petroli yenye ethanoli. Hubanduka vipande vipande, na vipande hivyo huelekea kwenye chujio la mdomo wa tangi. Tangi linalovuja linakupa harufu ya kukuonya. Chujio lililozibwa halitoi harufu.

Tulifikiria faibaglasi. Inawezekana, na ndege nyingi nzuri zina matangi ya namna hiyo, lakini matokeo yanategemea resini: poliesta na baadhi ya epoksi hulainishwa na ethanoli, na injini yetu inatumia pia petroli ya magari. Tukabaki na alumini.

Bati na mishono

Bati ni alumini ya 5052-H32, unene wa milimita 1.27. Aloi hii inakubali kukunjwa, inachomelewa vizuri na inastahimili kutu. Ile ya 2024 inayovika mabawa ina nguvu zaidi, ila mishono yake hupasuka inapopoa, kwa hiyo haifai tangi la kuchomelewa. Kwa sanduku la ukubwa wetu eneo la bati ni karibu mita moja ya mraba, hivyo kutoka milimita 1 hadi 1.27 tumeongeza gramu 700 hivi. Nimeridhika nazo kabisa.

Mabadiliko ya umbo ndiyo yaliyokula jioni zetu. Kona zote za chini sasa ni mikunjo; mishono imehamishiwa kwenye kingo zilizokunjwa nje, mbali na mahali bati linapopinda. Vizuizi vya ndani ni viwili badala ya kimoja, kila sentimita 20, vyenye kingo zilizokunjwa na matundu makubwa, na pembe zao zimekatwa ili petroli na hewa vipite. Vimeshikwa kwa ribiti za alumini laini, kisha vichwa vya ribiti vikayeyushwa kwa nje ili visivujishe. Kitako hakikai tena kwenye bati tupu. Kimechomelewa kwanza kwenye sahani ya duara ya sentimita 10, na sahani ndiyo iliyochomelewa kwenye tangi, ili ugumu upungue hatua kwa hatua.

Upande wa nyuma tumeweka kibakuli cha kina cha milimita 25, mahali pa chini kabisa ndege ikiwa imeegeshwa na pia ikiwa inapanda. Koki ya kumwagia iko chini ya kibakuli. Bomba la injini linachota juu kidogo ya hapo, kupitia chujio la wavu. Kanuni za zamani za Marekani za ndege ndogo, FAR 23, zilitaka chujio hilo liwe na matundu 8 hadi 16 kwa kila inchi. Ndege iliyojengwa nyumbani kama yetu haibanwi na kanuni hizo, lakini zinatokana na yaliyowapata watu, nasi tumezifuata popote tulipoweza.

Mchomeleaji ni mtu wa maneno machache. Tangi la zamani alilikataa tangu mwanzo. "Hilo mimi siliwashii moto, hata mkiliosha mara kumi," alisema, na heshima yangu kwake ikapanda. Kwa jipya alitumia TIG, uchomeleaji wa umeme unaokingwa kwa gesi, yenye mkondo geu, gesi ya agoni na fimbo ya kujazia ya aloi ya 5356. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, lakini ngozi yake ya oksidi inasubiri mpaka zaidi ya 2,000. Usipoisugua kwa brashi ya waya ya chuma cha pua, ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, unayeyusha ndani huku ngozi ikielea na kujifungia uchafu kwenye mshono. Kuondoa mafuta tulitumia asetoni, tukaiacha ikauke kabisa. Visafishaji vya breki vyenye klorini havikuingia kwenye karakana: mabaki yake yakipatwa na moto wa kuchomelea hutoa fosjini, gesi inayoua.

Alianza kwa kushika kidogo kidogo pande zote, kisha akaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili bati lisijikunje. Lilijikunja kidogo upande wa juu. Halidhuru.

Kupima presha

Hapa watu huharibu matangi mazuri. Presha ya psi 1, yaani pauni 1 kwa inchi ya mraba, inasikika kama si kitu. Kwenye ubavu wa sentimita 60 kwa 40 ni sawa na kumsimamisha mtu mmoja na mwenzake, kilo 169. Geji ya kompresa haiwezi hata kusoma kiasi hicho kwa uhakika.

Tulitumia mpira mwangavu uliopindwa umbo la U wenye maji ndani. Tofauti ya sentimita 30 kati ya mikono miwili inatosha kuonyesha uvujaji, nayo inausukuma ubavu ule kwa nguvu ya kilo 72 hivi. Uzuri wa mpira huo ni kwamba ni kipimo na kinga kwa pamoja. Ukizidisha hewa, maji yanamwagika juu na presha inatoka, tangi likabaki salama. Hewa tuliingiza kwa mdomo.

Povu la sabuni lilionyesha tundu moja dogo kwenye shingo ya kujazia. Mchomeleaji alilichimba na kulichomelea upya; hatukulifunika kwa gundi.

Kisha tukaliacha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Mwenzangu alikata tamaa. Lakini tulikuwa tumebandika kipimajoto ubavuni, na karakana ilikuwa imepoa. Hewa iliyofungiwa ikipoa kwa nyuzi 3 inapoteza asilimia 1 ya presha yake kamili, na asilimia 1 ya presha ya anga ni sentimita 10 za maji. Badiliko la hali ya hewa la hektopaskali 1 nalo linasogeza maji kwa sentimita 1. Tukangoja joto lirudi lilipokuwa, na maji yakarudi pale pale. Anayepima bila kipimajoto anaweza kulichomelea upya tangi lisilo na kasoro.

Kulifunga

Kitambaa cha sufu kimetupwa. Pedi ni za mpira wa nitrili usionyonya maji, zimebandikwa kwenye mikanda na kwenye sehemu za fremu linapokaa tangi ili zisihame. Mikanda miwili ya chuma cha pua, na mahesabu ya bolti zake tumeyafanya kwa mzigo wa mara 9 ya uzito kuelekea mbele: tangi na petroli yake ni kilo 47, kwa hiyo kilo 423.

Kati ya kitako na koki sasa kuna mpira wa petroli wenye mzingo wa kutosha, usiovuta wala kusugua popote. Sehemu iliyo mbele ya ukuta wa injini imevikwa soksi ya kuzuia moto. Mipira ya Rotax hubadilishwa kila miaka 5, kwa hiyo tarehe imeandikwa kwenye kibandiko mahali inapoonekana bila kufungua kitu. Kiungo chenye hesi ya mteremko kimepakwa dawa ya hesi inayostahimili petroli na kukazwa kwa kiasi. Utepe mweupe wa mafundi bomba hauruhusiwi kwenye mfumo wa mafuta. Nyuzi zake zikikatika huenda moja kwa moja kwenye kabureta.

Bomba la kupitishia hewa limeelekezwa mbele ili upepo wa safari usaidie badala ya kunyonya. Lina wavu mdomoni dhidi ya nyigu wanaojenga kwa udongo, na tundu dogo la akiba upande wa nyuma, kwa sababu tangi lisilopumua linaizima injini huku petroli ikiwa tele. Juu tumeacha nafasi ya asilimia 2, lita 1.2. Petroli ya lita 60 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka takriban kiasi hicho hicho.

Shingo ya kujazia imeunganishwa na mwili wa ndege kwa waya, ukinzani wa umeme ukiwa chini ya omu 1.

Mtiririko na vipimo

Kwa injini inayolishwa na pampu, FAR 23 ilidai mtiririko wa asilimia 125 ya matumizi ya juu kabisa. Rotax 912 UL inakunywa lita 24 kwa saa wakati wa kupaa, kwa hiyo tunahitaji 30, nusu lita kila dakika. Tulipandisha magurudumu ya mbele kwenye ngazi za mbao mpaka pua ikazidi pembe ya kupanda, tukabakiza petroli kidogo sana, tukafungua mpira kwenye kabureta na kuuelekeza kwenye chombo chenye alama. Pampu ya umeme ilivuka kiwango hicho bila shida. Halafu tukaziba bomba la hewa kwa kidole na tundu la akiba kwa utepe. Mtiririko ulianza kunyong'onyea mbele ya macho yetu. Ningependa kila mmiliki wa ndege alione hilo mara moja.

Kiasi kisichotumika tulikipima kwa pua iliyoinama, kama wakati wa kushuka, mpaka pampu ikaanza kumeza hewa: lita 2.5. Namba hiyo haihesabiwi tena kama mafuta.

Kijiti cha kupimia kimechorwa alama kila lita 5 mkia ukiwa chini, kwa sababu hapo ndipo kitakapotumika. Geji ilipimwa kwa mkia ulioinuliwa juu ya kitegemeo cha mbao na pimamaji juu ya fremu, kwa sababu geji inasomwa angani. Senda yake, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoipa geji kiwango cha petroli, inatoa omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Vipimo viwili havilingani wala havipaswi kulingana. Karatasi ya namba zote imebandikwa ndani ya mlango.

Ndege imepimwa upya kwenye mizani, kitovu cha uzito kikahesabiwa na kuandikwa kwenye kitabu chake. Kimesogea mbele kidogo, bado kiko ndani ya mipaka.

Kuruka

Injini iliwashwa nje, paneli za chini zikiwa wazi na kizimamoto mkononi mwa mwenzangu. Kisha nguvu kamili, kisha kuzima na kupangusa kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Zilikuwa kavu.

Mruko wa kwanza ulikuwa wa mizunguko juu ya uwanja, tangi likiwa na avgas tupu ili rangi itusaidie, chaki ya unga ikiwa imepakwa kuzunguka kitako na mishono yote tunayoweza kufikia. Baada ya kutua chaki ilikuwa nyeupe. Baada ya saa 5 za kuruka bado nyeupe, na mikanda tumeikaza robo mzunguko kwa kuwa pedi zimekaa.

Kilichobaki: kufungua tena paneli baada ya saa 10 za kuruka, kisha 25, kupaka rangi ya kupenya kuzunguka ile sahani ya duara, na kusogeza lebo ya koki ambayo sasa inafichwa na mpira mpya.